Ugua Pole, Mdogo Wangu: Vitabu na Muvi za Kitandani



Barua ninayoijibu leo imetoka hapa hapa kwetu Kisesa, na nimeona niijibu mbele ya wote kwa sababu aliyeiandika hayuko peke yake. Ni binti aliyelala ndani wiki ya pili sasa, ana taifodi. Dawa anameza, homa imeanza kushuka, ila mwili hauna nguvu. Akisimama kwenda uani anashikwa na kizunguzungu. Mama yake anashinda sokoni, wadogo zake wako shule. Anasema kinachomtesa sasa si tumbo tena, ni mchana. Malori ya kwenda Musoma yanapita, bodaboda zinapiga honi, na yeye amelala anahesabu mabati. Akishika simu anakutana na picha za wenzake wakila raha Mwanza mjini. Akiiweka chini anabaki na mawazo. Anauliza: dada, nisome nini, nitazame nini? Na je, si uvivu huo, mtu mzima kulala kutwa anatazama muvi?

Nianze na hilo la mwisho, maana naona ndilo linalokunyima usingizi. Kulala ukiwa mgonjwa si uvivu. Huku kwetu tumelelewa kwenye jembe, na mtu anayekutwa kitandani saa nne asubuhi anasemwa. Ndiyo maana wengi tukiugua tunajikongoja kufagia uwanja ili majirani waone tumeamka, halafu jioni homa inarudi upya. Taifodi huuacha mwili umechoka hata baada ya homa yenyewe kuondoka, na nguvu hurudi pole pole. Uwanja watafagia wadogo zako wakitoka shule. Wewe maliza dozi yako, kunywa maji yaliyochemshwa, kula kidogo kidogo, pumzika. Kitabu na muvi vimo ndani ya kupumzika huko, kwa sababu mtu mwenye mawazo halali hata akifumba macho.

Na ninyi wengine mnaosoma hapa mkiwa na homa ambayo hamjaipima, wekeni ukurasa huu chini kwanza. Nendeni kituo cha afya. Homa ya huku ziwani inaweza kuwa malaria, inaweza kuwa taifodi, inaweza kuwa kitu kingine kabisa, na kubahatisha kwa vidonge vya dukani kunatuponza. Ukipimwa ukakutwa na malaria ukapewa dawa mseto, dozi ya pili inamezwa masaa 8 baada ya ile ya kwanza, kisha asubuhi na jioni mpaka siku tatu ziishe, na uwe umekula. Usiache katikati kwa kuwa umeanza kusikia nafuu. Mgonjwa akitapika kila anachomeza, akichanganyikiwa, akipata degedege au akishindwa hata kunywa, hapo hakuna habari ya kitabu wala muvi. Tafuteni usafiri haraka.

Sasa tuje kwenye raha.

Kosa ninaloliona kwa wagonjwa wengi ni kutafuta kipya. Mtu kichwa kinamgonga, anafungua tamthilia ya Kikorea ambayo hajawahi kuiona, watu chungu nzima, majina yanafanana, maandishi ya tafsiri yanapita chini mbio mbio. Nusu saa haijaisha kichwa kimezidi na hadithi hajaielewa. Mgonjwa anataka anachokijua. Anataka mlango ufunguliwe na ajue nani anaingia. Ile muvi uliyoirudia mpaka unamtangulia mwigizaji maneno ndiyo ya wiki hii, kwa sababu ukisinzia katikati hujapoteza kitu, na ukiamka unaikuta mahali unapopajua. Na kitabu vivyo hivyo. Chukua ulichokisoma sekondari ukakipenda, si kile kilichosifiwa mwezi huu.

Siku za homa kali hata hicho ni kingi. Macho yanauma, mwanga wa simu unachoma. Zima kioo, tumia masikio. Wazazi wetu walilijua hili. Redio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa na kipindi kilichoitwa Ugua Pole, cha kuwatumia salamu wagonjwa waliolazwa hospitalini. Hebu fikiria mtu amelala wodini Bugando, hajui lini atatoka, redio ya betri iko dirishani, mara anasikia jina lake linasomwa, na majina ya waliomkumbuka huko kijijini, kisha unapigwa wimbo. Hakuna aliyempa hadithi ya kusisimua. Amepewa sauti za watu wake, basi, na hizo zilitosha kumfanya ageuke kitandani akae.

Leo hatuna haja ya kusubiri kipindi. Mwambie shangazi aliyeko Magu, au kaka aliyeko Dar, akurekodie sauti WhatsApp: dakika tano za umbea wa nyumbani, nani kaoa, ng'ombe wa nani kazaa. Ihifadhi. Utaisikiliza tena saa nane usiku usingizi ukigoma.

Na kama una bibi au babu aliye hai, mwombe hadithi. Sizungumzii hadithi ya kitabuni. Mwombe ile ya Masala Kulangwa na Shing'weng'we, ambayo wazee wengi wa Usukuma wanaijua na kila mmoja ana namna yake ya kuisimulia. Bibi yangu alinisimulia nilipokuwa na tetekuwanga, ananipaka dawa kwa ubuyoya wa pamba huku akisimulia, na mkono wake ulikuwa ukienda sambamba na maneno. Zimwi Shing'weng'we lilimeza watu wote pamoja na mifugo yao. Akasalia mwanamke mmoja, mjamzito, aliyejificha kwenye lundo la pumba. Akajifungua mtoto wa kiume, ndiye Masala Kulangwa. Mtoto alipokua akauliza: mama, mbona tuko wawili tu, wengine wako wapi? Wamemezwa. Basi kijana akashika silaha akaingia porini. Akaua panzi, akamletea mama: Shing'weng'we ndiye huyu? Siye, mwanangu. Akaua ndege: ndiye huyu? Siye. Akaja na swala, kisha mnyama mkubwa kuliko huyo, kila jioni na swali lile lile, mpaka siku aliyolikuta zimwi lenyewe. Akaliua. Akalipasua, watu wakatoka wazima.

Kuna kipande cha mwisho ambacho watu hukisahau na mimi ndicho ninachokipenda. Katika kupasua, kisu cha Masala Kulangwa kilimkata sikio bibi kizee mmoja aliyekuwa humo tumboni. Bibi akaja juu. Watu wote wanashangilia kuona jua, yeye anadai sikio lake. Na yule kijana, shujaa aliyeokoa watu wote, hakumpuuza. Alihangaika mpaka akamponya. Mgonjwa yeyote anamwelewa yule bibi. Wenzako wanakwambia shukuru Mungu umepona, nawe bado una kidonda kimoja ambacho hakuna anayekiuliza.

Hadithi ya namna hii inamfaa mgonjwa kwa sababu ya lile swali linalorudi. Ndiye huyu? Siye. Mwili unajua kinachofuata, unalegea. Bibi alipokuwa akifika kwa swala mimi nilikuwa nimeshalala, na kesho yake nilimwomba aanze upya. Ikisimuliwa kwa Kisukuma ni tamu zaidi. Kama bibi yupo mbali, mpigie ukiwa umeweka simu irekodi, na hiyo hadithi itabaki nyumbani kwenu hata ukishapona.

Macho yakianza kutulia, usikimbilie riwaya. Anza na ushairi. Virginia Woolf, mwandishi wa Uingereza aliyeugua mara nyingi maishani mwake, aliandika makala juu ya ugonjwa mwaka 1926, na moja ya hoja zake ni kwamba mgonjwa hana pumzi ya safari ndefu za nathari, ndiyo maana huwageukia washairi. Nakubaliana naye kabisa. Ubeti mmoja ni kitu kamili. Unausoma, unafunga macho, hujaacha lolote njiani.

Sisi tuna hata utenzi uliotungwa na mgonjwa. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate aliutunga mwaka 1858 akiwa anaumwa, wosia kwa binti yake, na karibu mwaka 1860 akafariki. Anamwita binti asogee, achukue wino na karatasi, amwambie yaliyo moyoni. Yale anayomfundisha kuhusu kumtumikia mume mengi mimi siyakubali, na siku yake nitayasema hapa bila kuficha. Kiswahili chake nacho ni cha kaskazini, kinahitaji toleo lenye maelezo. Lakini soma sehemu ya mwisho, ya dua, usome polepole na kwa sauti ndogo. Mwanamke yuko kitandani, mwili umemshinda, na bado anawaombea watoto wake. Nimeisoma kwa wagonjwa wa dini zote, na hakuna aliyeniambia niache.

Homa ikishuka kabisa, cheka. Hapa sitakuchosha na maelezo, maana unajua mwenyewe. King Majuto, yaani marehemu mzee Amri Athumani wa Tanga aliyetutoka Agosti 2018, uso wake peke yake ulitosha. Hajafungua mdomo wewe umeshaangua kicheko. Tafuta alizocheza na Sharo Milionea. Tafuta vipande vya zamani vya Ze Comedy, walivyoanza EATV kabla ya kuhamia televisheni ya taifa kwa jina la Orijino Komedi, Joti akiwa bibi, Joti akiwa mtoto. Sisi wa Kanda ya Ziwa tunayo Futuhi, iliyokuwa ikirushwa na Star TV ya hapa Mwanza, na raha yake kwangu ni kusikia lafudhi za kwetu. Ukipata kwa mjomba magazeti ya zamani ya Sani, yenye Ndumilakuwili, Lodilofa na Madenge, hayo ni ya kulalia kabisa. Unatazama picha tatu, unacheka, unageuka upande. Mwenye kikohozi au aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo aende taratibu na Majuto, kicheko kinauma. Huyo namshauri Mr. Bean, ambaye karibu hasemi, na unaweza kumtazama sauti ikiwa imezimwa huku mtoto amelala pembeni.

Kuna na ile ya zamani ya Afrika Kusini, The Gods Must Be Crazy, ya mwaka 1980, chupa ya soda inadondoka kutoka kwenye ndege jangwani na watu hawajui waifanyie nini. Nyumba nyingi za Tanzania zimeitazama zaidi ya mara moja, na bado inachekesha.

Muvi za Kihindi ni jambo jingine, na nazitetea kwa nguvu zote. Watu wanalalamika ni ndefu. Mgonjwa ndiye anayezihitaji ndefu! Kabhi Khushi Kabhie Gham ya mwaka 2001 ni masaa matatu na nusu. Wimbo ukianza, unafumba macho. Wimbo ukiisha, mama bado analia kwa ajili ya mwanaye aliyefukuzwa nyumbani, hukukosa chochote. Mwisho wanapatana, unalia na wewe, na kilio hicho kinakupunguzia kitu. Wenye kupenda zilizotafsiriwa na marehemu Lufufu wanajua raha ya mtu mmoja kukusemea watu wote, wanaume kwa wanawake, na kukueleza hata yale ambayo mwigizaji hakuyasema. Macho yako yanaweza kupumzika, yeye anakusimulia.

Za Kanumba uchague. Steven Kanumba, mzaliwa wa Shinyanga, jirani zetu, alifariki tarehe 7 Aprili 2012 akiwa na miaka 28 tu, na hapa kwetu tulimlilia kama mtoto wa nyumbani. Nyingi za kazi zake zinaisha kwa msiba au usaliti, na mwenyewe alijua kukuliza. Ukiwa mgonjwa weka Uncle JJ, aliyocheza na wale watoto wawili, Patrick na Jennifer. Ukishapata nguvu ya kufuatilia kisa kirefu, nenda kwenye Siri ya Mtungi: Cheche mpiga picha, mkewe Cheusi, na Bagamoyo ilivyopigwa picha kwa upendo mpaka unatamani kusafiri. Ina sehemu 26. Tazama moja kwa siku, usizidishe.

Sasa kitabu. Nimekuwa nikikisogelea tangu mwanzo wa barua hii.

Mdogo wangu, ukiweza kukaa na mto mgongoni kwa nusu saa, nakutaka usome Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, cha Aniceti Kitereza. Ni mtu wa ziwa hili hili, wa Ukerewe, alizaliwa mwaka 1896. Alikimaliza mwaka 1945 kwa Kikerewe. Ni kazi kubwa, na wachapishaji hawakuona nani atanunua kitabu kikubwa hivyo katika lugha ya kisiwa kimoja. Hakukata tamaa. Akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na mwaka 1980 Tanzania Publishing House ikakitoa, vitabu viwili. Mwaka uliofuata akafariki. Alingoja miaka 35.

Kisa chenyewe unaweza kukisema kwa dakika mbili. Myombekere na mkewe Bugonoka wanapendana, hawana mtoto. Ndugu wa mume wanamsimanga mwanamke. Wazazi wake hawavumilii, wanakuja wanamchukua binti yao. Myombekere anabaki na nyumba isiyo na mtu, chakula apike mwenyewe, na jioni haina wa kuongea naye. Anajikaza, anawafuata wakwe. Wakwe wanamsikiliza, halafu wanamtoza faini: alete pombe ya ndizi ndipo apewe mkewe. Analipa. Wanarudiana, wanatafuta tiba, wanasubiri, na hatimaye anazaliwa Ntulanalwo, kisha dada yake Bulihwali.

Lakini si kisa kitakachokushika. Ni mwendo. Pombe ile ya faini haitokei kwenye ukurasa kwa mara moja. Ndizi lazima ziive. Zinakamuliwa. Pombe inaachwa ichachuke. Lazima watafutwe wa kusaidia kubeba, na kila mmoja anaombwa kwa adabu yake. Watu wakikutana wanasalimiana, na Kitereza anaziandika salamu zote, hali ya nyumbani, hali ya njiani, mpaka ziishe. Mgeni akiaga, haondoki hivi hivi. Anasindikizwa, wanaongea njiani, wanasimama, wanaagana tena. Nikiwa mzima huwa napata kishawishi cha kuruka kurasa hizo. Nikiwa mgonjwa ndizo ninazozitafuta. Hakuna anayekimbia. Hakuna bunduki wala simu. Kuna watu wanaopeana muda, na wewe umelala huna la kufanya, muda unao.

Na kuna jambo jingine linalomgusa mtu aliyelala ndani. Bugonoka anatibiwa muda mrefu. Mganga anakuja, dawa za miti zinachimbwa, zinachemshwa, masharti yanafuatwa, na mumewe yupo. Sikupi hicho kama ushauri wa tiba; tiba yako umepewa zahanati. Nakupa uone mwanamume anavyokaa na ugonjwa wa mkewe bila kuchoka. Ukimaliza sehemu hiyo mpe kaka yako asome.

Wewe msomaji wa Kisesa utajikuta humo kuliko mtu wa mbali. Samaki wao ndio wetu. Adabu yao kwa wakwe haiko mbali na ya kwetu. Kile wanachokilinda wenzetu wa Bujora kwenye Makumbusho ya Wasukuma, aliyoyaanzisha padri David Clement kutoka Kanada, ngoma, nyumba, vyombo vya nyumbani, Kitereza amekilinda kwa Wakerewe ndani ya kitabu, na vitu vyake bado vinatumika: jembe linalima, mtungi una pombe. Ukipona upite Bujora, si mbali na barabara. Ukiwahi Juni utaikuta sikukuu ya Bulabo, vikundi vya ngoma vya Bagika na Bagalu vikishindana.

Kukipata si rahisi, nakiri. Uliza Maktaba ya Mkoa pale Mwanza mjini, uliza walimu wa Kiswahili wa zamani, wengi wana nakala zilizochakaa kabatini. Ipo pia tafsiri ya Kiingereza ya Gabriel Ruhumbika, mwandishi mwingine wa Ukerewe, ya mwaka 2002, kwa mwenye kuimudu.

Wakati unangoja kukipata, kuna vyepesi. Hekaya za Abunuwasi, ile ya sufuria iliyozaa, halafu ikafa, na mwenye sufuria akakosa la kujibu kwa kuwa alishakubali kwamba sufuria huzaa. Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, ya mwaka 1952, ndogo, utaimaliza kwa siku mbili za ugonjwa: ndugu wenye wivu wamegeuzwa manyani, mji mzima wa watu wamegeuka mawe, na bado mwisho kuna kusamehewa. Na kwa wapenda upelelezi, Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla na kiko chake, kuanzia Mzimu wa Watu wa Kale ya mwaka 1960. Willy Gamba wa Musiba mwache kwanza, anakimbia sana, atakupandisha mapigo ya moyo bure.

Na Kezilahabi umwache pia. Nasema hivi kwa heshima, kwa sababu kwangu hakuna aliyeandika riwaya ya Kiswahili kwa ujasiri kama yeye; naye ni wa Ukerewe, alizaliwa Namagondo mwaka 1944, akatutoka Januari 2020. Lakini Rosa Mistika na Kichwamaji zote mbili zinafika mahali mtu anaiondoa roho yake mwenyewe. Mwili ukiwa dhaifu, moyo nao ni mwepesi kuingia giza, na vitabu vile vinajua njia ya kukupeleka huko. Visome ukiwa mzima, na mtu wa kuongea naye. Na hapa nisimame kidogo. Kama homa imeisha lakini mawazo mazito hayaondoki, chakula hakina ladha, unaona bora usingeamka, usilifiche hilo chini ya shuka kwa kisingizio cha udhaifu wa taifodi. Mwambie mama. Mwambie daktari siku ya kurudi. Niandikie mimi pia, ila wao kwanza.

Mama wenye watoto wagonjwa, nimewakumbuka. Huku Kanda ya Ziwa tuna watoto wengi wenye selimundu, ambao kulala ndani kwao si tukio la mara moja kwa mwaka. Mtoto kama huyo awe na boksi lake: daftari la kuchora, kalamu za rangi, vitabu viwili vitatu vya picha, na muvi zake kwenye memori kadi. Akili and Me na Ubongo Kids zimetengenezwa hapa hapa Tanzania, kwa Kiswahili, na yule Akili anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro ana nyimbo ambazo hata mimi naziimba. Usimpe boksi hilo akiwa mzima. Liwe la siku za maumivu tu, ili zikija awe na kitu cha kukitazamia.

Mdogo wangu, mambo madogo sasa. Bando likiisha katikati ya muvi ni mateso, kwa hiyo mpe mdogo wako flashi, apite kwa yule kijana anayejaza muvi pale stendi, awekewe za siku nne, na umwandikie majina kwenye karatasi la sivyo atarudi na za mapigano. Punguza mwanga wa kioo. Simu isiegemezwe kwenye kikombe cha uji, nimeona zikizama. Tundika mfuko wa kitambaa kwenye kamba ya chandarua, uiweke humo usawa wa macho. Zima hali za WhatsApp mpaka Jumapili, picha za watu wa Mwanza mjini hazitakimbia. Na usiandike dalili zako kwenye intaneti saa saba usiku. Itakuambia una magonjwa ambayo hata Bugando hawajayaona mwaka huu.

Mama akirudi kutoka sokoni, miguu inamuuma, usimwombe akusomee. Msomee wewe. Kurasa mbili tu za Myombekere, kwa sauti, wakati anakupoozea mchuzi wa sato. Ataanza kusahihisha: sisi hatufanyi hivyo, sisi mkwe anakaa hivi. Hapo jioni yenu imeshapata maongezi.

Niandikie ukifika pale wakwe wanapotaja faini. Nataka kujua kama uliwaona wamemwonea au wamefanya haki, maana nimebishana na dada yangu juu ya hilo na hatujamaliza. Kitabu cha pili ninacho mimi, nitakuazima ukishaweza kutembea mpaka barabarani kukichukua.